Dadu, Shauri na Sanduku la Wajukuu



Mwezi huu nilikusudia kuendelea na habari ya adabu za kubisha hodi. Walakini limetokea jambo nyumbani kwangu ambalo nadhani limekwisha kutokea, au litatokea, katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, nami nimeona ni bora kulitanguliza.

Jamaa yetu mmoja akaaye Maskati alikuja kututazama, akawaletea wajukuu wangu wawili sanduku la mchezo. Ndani yake mna ubao uliochorwa ramani ya dunia, imegawanywa nchi 42, na vijeshi vidogo vya rangi mbalimbali, na karata, na dadu tano. Mchezo wenyewe waitwa Risk. Aliyeutunga ni Mfaransa, jina lake Albert Lamorisse, ambaye kazi yake khasa ilikuwa kutengeneza filamu, na ulitolewa kwanza Ufaransa mwaka 1957. Kila mchezaji huweka majeshi yake katika nchi zake, kisha humshambulia jirani, na dadu ndizo ziamuazo nani apoteze askari. Afrika ya Mashariki imo ubaoni, nchi moja kati ya sita za bara letu, na siku ya kwanza tu wajukuu wangu walikwisha kugombana juu yake.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilikuwa barazani, nao wamo ndani mkekani, nikawa nasikiliza. Mkubwa ana miaka 14 na mdogo ana 11. Mkubwa alipoishinda nchi, alisema, "Umeona akili hiyo?" Aliposhindwa alisema, "Dadu mbovu hizi, zina nuhusi." Akashinda tena, akasema akili. Akashindwa tena, akasema dadu. Yule mdogo akamwambia, "Kaka, mbona akili yako huondoka kila dadu zikija kwangu?" Nilijizuia nisicheke. Nikaingia, nikazichukua dadu zote tano, nikazitia mfukoni mwa koti langu, nikawaambia wangoje.

Najua wako wasomaji watakaoniuliza kwa nini sikulitia sanduku motoni usiku ule ule. Jawabu ni kwamba mtu hapaswi kuhukumu kitu kabla ya kujua kimekaaje. Tena mzozo wa watoto hawa, wa dadu na akili, si mpya. Umekwisha kuzungumzwa na wakubwa zetu zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Waarabu walipoifungua nchi ya Uajemi waliikuta michezo miwili ya ubao. Mmoja ni nardi, ambao una kete 15 kila upande na dadu mbili. Mchezaji huenda kwa kadiri ya dadu zilivyoanguka. Wa pili ni sataranji, uliotoka Bara Hindi, nao ni vita vitupu: mna mfalme, waziri, ndovu, farasi, magari ya vita na askari wa miguu, wala hamna dadu. Mwanahistoria al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, ameleta kauli ya mmoja wa wenye ilimu ya itikadi kwamba aliyeitunga sataranji alikuwa katika wale wasemao kuwa binadamu ana hiari kamili katika matendo yake, na aliyeitunga nardi alikuwa katika wale wasemao kuwa binadamu hana lake, ametenzwa nguvu tu. Tazama walivyouona mchezo wa watu wawili mkekani! Waliona ndani yake swali la kadari lenyewe.

La kustaajabisha zaidi ni kuwa sataranji nayo ilipata kuchezwa kwa dadu. Al-Biruni, yule mwanachuoni mkubwa aliyekwenda Bara Hindi na kuandika kitabu juu ya watu wake karibu na mwaka 1030, ameeleza kwamba Wahindi walikuwa na sataranji ya watu wanne, na dadu mbili zikiamua ni kete zipi ziende.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Kishafii waliitazama michezo hii miwili wakaitenga. Sataranji, ikiwa haina kamari wala haimpitishii mtu wakati wa sala wala haimtii katika matusi, wameiona makuruhu, haikufikia haramu, na wengi wa wanavyuoni wa madhehebu nyingine walikuwa wakali kuliko hivyo. Ama nardi, wengi wameiharamisha hata bila ya kamari, kwa ajili ya hadithi aliyoipokea Burayda, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, inayomfananisha mchezaji wake na mtu aliyeutia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Kisha wakaweka kipimo: mchezo ambao nguzo yake ni hesabu na fikira hufuata hukumu ya sataranji, na ambao nguzo yake ni kubahatisha hufuata hukumu ya nardi. Kwa kipimo hicho bao letu la kete 64, ambalo wazee hulicheza barazani kutoka Lamu hadi Kilwa, liko upande wa hesabu, kwa kuwa tangu kunamua hata mtaji hakuna kitu ndani yake kisichoonekana na wote wawili.

Sasa sanduku la wajukuu wangu liko upande gani? Hapo ndipo ilipo taabu, kwani limechanganya. Nchi unaichagua kwa akili, na unaipigania kwa dadu.

Nilichukua chaki na ubao nisomeshao alifu-be-te. Nikawaambia, hatutazitupa dadu, tutazihesabu. Kanuni ya mchezo ni kwamba mshambuliaji na mlinzi wakipata sawasawa, mlinzi ndiye mshindi. Kila mmoja akiwa na dadu moja, ziko namna 36 za kuanguka. Tukaziandika zote, safu sita za sita. Katika hizo, mshambuliaji hushinda mara 15 na mlinzi mara 21. Mkubwa akanyamaza. Yeye ndiye apendaye kushambulia mmoja kwa mmoja, askari wake wakiwa wamemwishia, kwa kuwa hawezi kusubiri. Dadu hazikumdhulumu, yeye mwenyewe alikuwa kila usiku akijiingiza katika biashara ya hasara, kisha akamlaumu mizani.

Mwenye majeshi mengi katika nchi moja huruhusiwa kutupa dadu tatu. Akimkuta mlinzi mwenye askari mmoja, basi katika namna 1,296 yeye hushinda mara 855, yaani karibu mara mbili katika kila tatu. Na watatu wakikutana na dadu mbili za mlinzi, namna ni 7,776. Hesabu hiyo haikuenea ubaoni pangu. Alinifanyia kijana mmoja niliyemsomesha zamani, ambaye leo anasomesha historia katika skuli ya sekondari. Katika namna hizo mlinzi hupoteza askari wawili mara 2,890, mshambuliaji hupoteza wawili mara 2,275, na mara 2,611 kila mmoja hupoteza mmoja. Maana yake ni kuwa yule yule aliyekuwa dhaifu akishambulia mmoja kwa mmoja huwa na nguvu akikusanya watu wake kwanza. Basi shauri la vita katika mchezo huu hufanywa kabla ya dadu kutupwa. Aliyepanga vizuri aweza kushindwa mtupo mmoja, na mitupo miwili, lakini kadiri mitupo inavyozidi ndivyo hesabu inavyomrudia.

Kijana wangu huyo aliponiona nimeshughulika na jambo hili aliniletea habari ambazo sikuzijua. Alisema kwamba dadu za vita hazikuanza kwa watoto. Katika Prussia, nchi ya Wajerumani, mtu mmoja aitwaye von Reisswitz alimwonyesha mfalme mchezo wa vita mwaka 1812, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, akautengeneza upya, ukachezwa juu ya ramani za kweli ili kuwafunza maafisa. Pande mbili ziliandika amri zao, na kati yao akakaa mwamuzi, naye alitupa dadu ili kujua risasi na mizinga imeua watu wangapi. Kwa nini dadu, na hali wao ni askari wanaojua kazi yao? Kwa sababu kikosi kile kile, kwa mwendo ule ule, siku moja hulenga vizuri na siku nyingine hukosa, na jemadari asiyezoea jambo hili atakuja kupanga vita kana kwamba kila risasi ni yake.

Hata hivyo baadaye maafisa wengine walichoka na dadu na majedwali yake. Mwaka 1876 jemadari Verdy du Vernois alitoa shauri kwamba mwamuzi mwenye ujuzi wa vita aamue kwa akili yake tu, bila ya dadu.

Niliposikia hayo nilifurahi sana. Nikaona mlango umefunguka: dadu zitabaki mfukoni, nami nitakuwa mwamuzi. Ndugu wasomaji, nimesomesha watoto miaka thelathini, na sijapata kuchoka kama nilivyochoka jioni ile. Mkubwa alishambulia Misri kwa askari watano, mdogo analinda kwa watatu. Nikasema, "Misri imetekwa." Mdogo akasema, "Babu, umempendelea kwa kuwa amehitimu juzuu ya Amma." Mara ya pili nikamwambia mkubwa arudi nyuma. Akasema, "Sasa unamwonea huruma kwa sababu alilia." Na kweli, nilipojichungua, nilikuwa nimemwonea huruma kwa sababu alilia. Bibi yao akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwalimu, afadhali dadu, hazina mjukuu!"

Neno hilo la mke wangu limenikaa moyoni, kwa maana ndilo lililowapata wakubwa wa jeshi la wanamaji la Japani mwaka 1942.

Mwezi wa Mei mwaka huo, wakijitayarisha kukiendea kisiwa cha Midway katika bahari ya Pasifiki, walikusanyika ndani ya manowari Yamato wakavicheza vita hivyo mezani kabla ya kwenda. Mkubwa wa mchezo alikuwa Admirali Ugaki. Ikafika pahala ambapo ndege za Wamarekani zinazishambulia manowari za Japani zichukuazo ndege. Mwamuzi, afisa aitwaye Okumiya, akatupa dadu kama ilivyo kanuni, ikatoka kwamba mabomu tisa yamepata, na manowari mbili, Akagi na Kaga, zimezama. Ugaki akaingilia, akasema mabomu yahesabiwe matatu. Kwa hukumu hiyo Kaga ikazama peke yake na Akagi ikapata madhara kidogo. Kisha katika sehemu ya mchezo iliyofuata, Kaga nayo ikarudishwa, ikaelea tena. Habari hii imeandikwa baada ya vita na huyo Okumiya mwenyewe pamoja na mwenzake Fuchida.

Tarehe 4 Juni 1942 wakakutana na Wamarekani kweli. Manowari zao nne zichukuazo ndege zikapotea: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu.

Sipendi msomaji adhani kuwa dadu zilitabiri. Dadu haijui ghaibu, na mwenye kuitakidi hivyo amekwisha kutoka katika mchezo akaingia katika jambo jingine kubwa zaidi. Tena yafaa kumtendea haki Ugaki. Ndege alizozipunguzia mabomu mezani zilikuwa za kutoka kisiwani, na siku ya vita zile za kutoka kisiwani hazikuipata hata manowari moja kati ya hizo nne; waliozizamisha ni marubani waliotoka katika manowari za Wamarekani. Basi huenda hesabu yake ya tatu ilikuwa karibu na kweli kuliko tisa. Kosa lake mimi naliona pengine. Dadu zilimwekea mbele yake jambo liwezalo kutokea, naye akaliondoa mezani, badala ya kuuliza, "Na likitokea, tutafanya nini?" Mjukuu wangu husema dadu mbovu. Admirali alikuwa na cheo, kwa hiyo yeye aliweza kuzibadilisha.

Sisi Waislamu tunao mfano wetu katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 Hijria. Salman al-Farisi alitoa shauri la kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulijua, nao Masahaba wakachimba kwa njaa na baridi, na Mtume s.a.w. akichimba pamoja nao. Hilo ni shauri. Kisha baada ya siku nyingi za kuzingirwa ukaja upepo mkali usiku, ukang'oa mahema ya adui na kupindua vyungu vyao, wakaondoka. Upepo huo haukupangwa na Salman wala na mtu yeyote. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuleta. Lakini mtu na aseme, kama handaki lisingalichimbwa, upepo ule ungaliwakuta nani wakiwa wazima?

Turudi mkekani. Baada ya kushindwa kazi ya uamuzi, nilijaribu njia ya tatu. Kijana wangu aliniambia kwamba Mmarekani mmoja, Allan Calhamer, alitoa mwaka 1959 mchezo uitwao Diplomacy, wa dola saba za Ulaya kabla ya vita vya 1914, nao hauna dadu kabisa. Wachezaji wote huandika amri zao kwa siri, kisha husomwa kwa pamoja. Nguvu zikiwa sawa hakuna anayesogea, na mwenye kusaidiwa na mwenzake ndiye apitaye. Nikaona huu ndio wenye usalama. Nikawaambia watoto watumie kanuni hiyo juu ya ubao wao, na watoto wawili wa jirani wakaitwa ili wawe wanne.

Haikupita nusu saa nikasikia mtu anaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hataigusa Bara Hindi, na karatasi yake imekwisha kuandikwa kuishambulia Bara Hindi. Mchezo huo shauri lake lote ni kuahidi na kuvunja ahadi. Nikazikusanya karatasi zote. Nilikuwa nimetoa dadu mlangoni, ukaingia uwongo kwa dirishani, na sijui hata leo ni lipi zito zaidi kwa mtoto wa miaka 11.

Mdogo hakukata tamaa. Siku ya pili alikuja na vijikaratasi sita ameviandika moja hadi sita, amevitia katika kofia. "Babu," akasema, "hii si dadu, ni kura, na wewe ulitusomesha kuwa Nabii Yunus alipigiwa kura merikebuni, na Bibi Maryam walipigiwa kura nani amlee, na Mtume s.a.w. akiwapigia kura wakeze nani asafiri naye." Ilinibidi nikae kitako nimjibu, kwa maana hoja yake ilikuwa nzuri kuliko ya watu wengi wazima. Nikamwambia, kura hupigwa ambapo watu wana haki sawasawa, na hakuna njia ya kumtanguliza mmoja bila ya kumvunja moyo mwingine. Haikuwekwa ili mtu apate furaha ya kutojua kitakachotoka. Ama vijikaratasi vyake katika kofia, hizo ni dadu zilizovaa kanzu. Akacheka, lakini sidhani kama aliridhika, wala mimi sikuridhika kabisa.

Basi nawaeleza nilipofikia, kila mmoja apime nyumbani kwake. Dadu hazitupwi nyumbani kwangu, kwa kuwa katika mchezo huu zina sehemu kubwa, nami nafuata kipimo cha mafakihi wetu, na penye shaka huchagua kukaa mbali. Jamaa yetu wa Maskati sikumkaripia, maana zawadi aliitoa kwa moyo safi. Na mzazi mwenye sanduku kama hilo namsihi asilivunje mbele ya watoto kwa ghadhabu, bali akae nao awaonyeshe hesabu, kwa kuwa mtoto aliyeona safu zile za 15 na 21 hatadanganywa upesi na watu wa bahati nasibu wanaopita mitaani. Swali la michezo iliyochanganya shauri na dadu, bila ya kamari, nimemwandikia sheikh mmoja aliyenizidi ilimu, na jawabu yake nitaileta hapa inshaallah.

Sanduku liko juu ya kabati. Ramani yake tunaitumia kusomea jografia. Jioni, baada ya kuhakikisha sala zimesaliwa na masomo yamedurusiwa, mjukuu wangu mkubwa hucheza sataranji nami, michezo miwili, wala hatuzidishi. Juzi usiku alimwacha waziri wake wazi, nikamla, na baada ya mafungu machache mfalme wake akawa hana pa kwenda. Akafungua mdomo kusema lile neno lake alilolizoea. Akatazama ubaoni huku na huku, akautazama mfuko wa koti langu. Kisha akafunga mdomo, akaanza kupanga kete upya.